Kompyuta Sebuleni, Siasa Mezani

Mwaka 1974 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta na televisheni nchini. Haukuwa uamuzi wa hasira za siku moja. Kompyuta ya kwanza ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, na mashine zilizofuata zikakabidhiwa kazi ya kutunza hesabu za Serikali, mpaka hesabu zenyewe zikavurugika na makarani wakarudi kwenye vitabu na kalamu. Televisheni nayo ilionekana kuwa anasa ya watu wachache wa mjini, wakati nguvu zote za nchi zilikuwa zimeelekezwa kwenye vijiji vya ujamaa. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Bara walingoja mpaka 1994 kuona matangazo yao.

Swali lililoikabili Serikali wakati ule sasa limehamia sebuleni. Mzazi Mkristo wa Dar es Salaam, Arusha au Mbeya anataka watoto wake wamjue Mungu, wafaulu mitihani na wasijitie kwenye balaa. Anaitazama kompyuta iliyotumika aliyoinunua Kariakoo, anajiuliza aiweke wapi, afunge nini na aache nini wazi. Tena mashine yenye intaneti haileti hesabu za darasa la saba peke yake. Inaleta na habari za nchi, kwa hiyo mazungumzo juu ya kompyuta hayachukui muda kabla hayajageuka kuwa mazungumzo juu ya siasa.

Mjadala unaofuata umetungwa. Waliomo ni sauti tu: Baba mwenye nyumba, mhasibu na mzee wa kanisa katika usharika wa Kilutheri, Mama, muuguzi, Mjomba, kaka yake Mama, fundi wa kompyuta, Mwinjilisti wa mtaa, Bibi, mama yake Mama, aliyeshuka kutoka Kilimanjaro kuwatembelea wanawe, na Binti, mwanafunzi wa kidato cha nne. Matukio, sheria na takwimu wanazozitaja ni za kweli. Hoja zao ni zile zinazosikika baada ya ibada ya jumuiya, Biblia zikishafungwa na chai ikishamiminwa.

Baba ndiye aliyeanza, kwa kuwa kompyuta ni yake na nyumba ni yake.

"Mimi siipingi hii mashine, ningekuwa naipinga nisingeinunua. Ila katika nyumba hii kutakuwa na utaratibu. Shemeji atafunga kila tovuti isiyofaa. Neno la siri litabaki kwangu, na hakuna atakayewasha mpaka nimerudi kutoka kazini. Na siasa zisiingie humu. Tunasali, tunasoma, tunafanya kazi. Mambo ya vyama yana wenyewe."

Alikuwa na sababu, na mtu asiharakishe kumwita mkoloni wa familia. Mwaka 2022 ulitoka utafiti uliofanywa Tanzania na ECPAT, INTERPOL na ofisi ya utafiti ya UNICEF iitwayo Innocenti. Ulikadiria kwamba asilimia 4 ya watoto wa miaka 12 hadi 17 wanaotumia intaneti walifanyiwa ukatili wa kingono uliopitia mtandaoni katika kipindi cha mwaka mmoja tu. Ukihesabu kwa watoto wote wa umri huo wanaotumia intaneti nchini, ni kama watoto 200,000. Baba yeyote akiisikia namba hiyo huwafikiria kwanza watoto wake walioko chumba cha pili.

Mjomba alieleza kile ambacho kufuli linaweza kufanya. Kabla kifaa hakijafungua tovuti, alisema, huiuliza seva fulani namba ya anwani ya tovuti ile. Ukibadilisha seva inayoulizwa, unaweza kuamua maswali gani yajibiwe na yapi yakataliwe. Tangu Aprili 2020 kampuni ya Cloudflare inatoa bure seva ya namna hiyo kwa ajili ya familia, unaandika 1.1.1.3 kwenye mipangilio ya ruta, na tovuti za ngono pamoja na zile zenye virusi zinakataa kufunguka kwa kila kifaa kilichounganishwa na Wi-Fi ya nyumba. "Ni kazi ya dakika kumi, shemeji. Nitakufanyia leo hii. Lakini nisikudanganye. Mtoto akiweka bando lake kwenye simu, hapiti tena kwenye ruta yako. Akiweka programu ya VPN, anapita kwenye ruta lakini kufuli halimwoni. Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilitangaza Oktoba 2023 kwamba watumiaji wa VPN wajisajili. Kama Serikali yenye wataalamu inahangaika nazo, wewe na neno lako la siri mtafika wapi?"

"Nitawanyang'anya simu."

"Na yako?" aliuliza Mama.

Hakujibiwa, naye hakungoja ajibiwe. "Mume wangu, utafiti huo uliousikia haukuishia kwenye namba. Ulisema pia kwamba mara nyingi wanaowafanyia watoto mambo haya ni watu ambao mtoto tayari anawajua. Kufuli la shemeji linazuia picha, wala halimzuii mtu anayemwandikia mtoto WhatsApp kwamba amempenda, amtumie picha, asimwambie mama. Mimi zahanati nawaona mabinti waliofika kwa kuchelewa, na kilichowachelewesha siku zote ni kimoja: waliogopa kwamba wakisema watapigwa. Ukiifunga mashine ukajifunga na wewe, mtoto akipatwa na jambo atakwenda kwa nani?"

Hapa Mama aligusa kiini cha jambo lote, na mwandishi wa makala haya yuko upande wake. Kufuli lina kazi yake. Kwa mtoto wa miaka sita au minane linatosha kabisa, na mzazi anayeliacha bila kuliweka anazembea. Lakini kadiri mtoto anavyokua, kufuli linapungua nguvu na neno la mzazi linaongezeka uzito, mradi mzazi alikuwa amelizoeza neno hilo kutoka kinywani mwake. Kompyuta ya mezani ina faida ambayo wauzaji hawaitaji: haibebeki. Kioo chake ni kikubwa, kinaonekana na anayepita kwenda jikoni, na spika zake zinasikika mpaka barazani. Mtoto aliye mbele yake yuko na watu. Mtoto mwenye simu chini ya neti ya mbu saa tano usiku yuko peke yake na dunia nzima. Familia nyingi zimekataza kompyuta zikaruhusu simu, kwa kuwa simu ilionekana ndogo na ya lazima. Zimechagua kinyume cha kile kilichokuwa salama.

"Basi iwe sebuleni," Baba alisema. "Hilo nakubali. Lakini la siasa sijalikubali."

Akaeleza kwa nini. Alitaja kisa cha mchoraji kijana wa Rungwe, mkoani Mbeya. Julai 2024 mahakama ilimtia hatiani kwa video aliyoiweka TikTok, akiwa anachoma picha ya Rais. Akahukumiwa kulipa faini ya shilingi milioni 5 au kifungo cha miaka miwili. Watu walimchangia akatoka. Mwezi uliofuata familia yake ikasema amechukuliwa na watu wasiojulikana. Alitaja pia kifo cha Ali Mohamed Kibao, kiongozi wa chama cha upinzani CHADEMA aliyeshushwa kwenye basi Septemba 2024 na kukutwa ameuawa. Akataja kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kinachompa mtu anayechapisha taarifa za uongo faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote viwili.

"Mimi ni mhasibu, najua kupiga hesabu," alisema. "Mtoto wa miaka kumi na saba akiandika sentensi moja ya hasira, nani atalipa? Nani atakwenda kumtafuta vituoni? Mniambie."

Mwinjilisti alijibu kwa upole, kama mtu anayejua kwamba mwenzake hakusema uongo. "Mzee wa kanisa, hofu yako naiheshimu. Ila usiseme kwamba siasa ni ya wenyewe. Machi 2018 maaskofu wetu wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, KKKT, waliandika waraka wa Pasaka, 'Taifa Letu, Amani Yetu', wakazungumzia watu kupotea, uhuru wa kusema, na katiba mpya. Tuliusoma kanisani, na wewe ulikuwapo. Maaskofu Wakatoliki walitoa wao wakati wa Kwaresima mwaka huohuo. Agosti 2023 Baraza la Maaskofu Katoliki, TEC, lilitoa tamko juu ya mkataba wa bandari na kampuni ya DP World, likasomwa parokiani. Kanisa halikuona kwamba bandari haihusu sala."

"Hao ni maaskofu, Mwinjilisti. Askofu ana dayosisi nyuma yake. Binti yangu ana mimi tu."

"Na maaskofu hawakusalimika. Mwaka huohuo wa 2018 ofisi ya Msajili wa Vyama vya Kijamii iliwaandikia wakanushe waraka wao ndani ya siku kumi."

"Na Waziri wa Mambo ya Ndani akasema barua ile ni batili, akamsimamisha Msajili."

"Ndiyo. Kwa nini? Kwa sababu barua ilivuja mtandaoni, watu wakaiona, wakauliza. Ingebaki kwenye bahasha, nani angejua?"

Baba alikaa kimya kidogo, kisha akarudi na jambo zito zaidi. Aprili 30, 2025, Padri Charles Kitima, Katibu Mkuu wa TEC, alishambuliwa na kujeruhiwa Kurasini, Dar es Salaam. Juni mwaka huohuo kanisa la Askofu Josephat Gwajima lilifutiwa usajili baada ya yeye kukemea utekaji madhabahuni. "Unaona, Mwinjilisti? Kila mfano unaoutoa unanisaidia mimi. Kama padri na askofu hawako salama, mtoto wangu afunue kinywa?"

Ni hoja ngumu. Wengi wanaosifia ujasiri wa vijana hawana mtoto anayeweza kuchukuliwa usiku. Mzazi anayesema "nyamaza" mara nyingi anasema "nakupenda" kwa lugha pekee aliyofundishwa, na kosa lake haliko kwenye kuogopa. Liko pale anapochanganya mambo mawili: kumzuia mtoto asitangaze jambo hadharani, na kumzuia asilijue wala asilizungumze nyumbani kwake. La kwanza ni ulinzi. La pili linamwachia mtoto ulimwengu mzima bila mkalimani.

Binti alikuwa amesikiliza yote. "Baba, samahani. Kila ulichokitaja nilikuwa nakijua. Habari ya Rungwe niliipata shuleni siku ileile. Ya Mzee Kibao nilioneshwa picha na rafiki yangu, nikashindwa kula siku mbili. Wewe ukafikiri ninaumwa, mama akanipima malaria. Sikuwaambia kwa sababu mlisema siasa zisiingie ndani. Mwaka ujao natimiza miaka kumi na minane, na Katiba inanipa kura. Mnataka niende kujifunza wapi namna ya kuitumia?"

Mama alishika kikombe chake bila kunywa. Mjomba aliangalia sakafu.

Ndipo Bibi aliyekuwa ameketi kwenye kochi la pembeni alipouliza kama anaruhusiwa kusema, ingawa hakuna mtu katika nyumba ile ambaye angethubutu kumnyima.

"Mnaongea kana kwamba mashine zimeanza jana," alisema. "Mwaka 1973 nilikuwa na mtoto mgongoni, huyo mama yenu. Kijijini redio zilikuwa chache. Ikaja kampeni ya Mtu ni Afya. Tukapangwa vikundi, kila kikundi na kiongozi wake na kitabu chake. Jioni tunakaa chini ya mti, redio inafunguliwa, tunasikiliza mambo ya malaria, ya kuhara, ya minyoo. Redio ikizimwa ndipo kazi inaanza. Kiongozi anauliza: mmesikia nini? Je, kwetu ni kweli? Tutafanya nini kabla ya wiki ijayo? Mwingine anabisha, mwingine anasema choo chake kimejaa, tunakwenda kukitazama. Tulichimba vyoo wanawake na wanaume. Sikumbuki sauti ya mtangazaji, ila mabishano nayakumbuka mpaka leo."

Kumbukumbu ya Bibi inastahili kuelezwa zaidi, kwa sababu ni moja ya kazi kubwa za elimu ya watu wazima zilizowahi kufanyika Afrika, na vijana wengi hawajawahi kuisikia. Mtu ni Afya ilidumu wiki 12 mwaka 1973. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walipewa mafunzo, na watu wazima kama milioni 2 walishiriki, katika nchi ambayo sensa ya 1967 ilihesabu watu milioni 12.3. Vyoo vilichimbwa kwa maelfu mengi, majani yakafyekwa kuzunguka nyumba, madimbwi ya mbu yakafukiwa. Mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai kwa mtindo huohuo. Katikati ya kampeni hizo mbili, mwaka 1974, Serikali ileile ikafunga mlango kwa kompyuta na televisheni.

Yaani nchi moja, ndani ya miaka miwili, ilijaribu njia zote mbili. Redio haikufungwa, ilizungushiwa watu, kitabu na maswali. Kompyuta ilifungwa. Njia ya kwanza iliacha vyoo, visima vilivyofunikwa na watu waliozoea kuhoji walichokisikia. Ya pili iliacha pengo: mfumo wa kompyuta wa kusimamia fedha za Serikali ulikuja kuanza tena mwaka 1998, na kizazi kizima cha wahasibu, walimu na mafundi kilijifunza ukubwani kile ambacho wenzao wa nchi nyingine walikikuta shuleni. Walioweka marufuku yale walikuwa na hoja za kweli juu ya fedha za kigeni na vipaumbele vya nchi maskini. Hata hivyo bei yake ililipwa na watoto, na ililipwa kwa muda mrefu.

"Mama, lakini redio ya wakati ule ilikuwa moja, ya Serikali," Baba alimwambia mama mkwe wake. "Hii ina kila kitu, cha Mungu na cha shetani."

"Ndiyo maana kikundi kinahitajika zaidi, mwanangu. Redio moja tulikaa watu kumi na tano kuichunguza. Hii yenye kila kitu mnamwacha mtoto mmoja."

Mwinjilisti alidakia hapo, safari hii kwa kitabu alichokifundisha kwa miaka mingi. Katekisimu Ndogo ya Luther, alikumbusha, ilitoka mwaka 1529, na haikukusudiwa kuishia kwa wachungaji. Luther aliwalenga wakuu wa kaya, wawafundishe watoto na watumishi wao nyumbani. Iliweza kufika nyumbani kwa sababu mashine ya kuchapa vitabu ilikuwa imefika, na mashine hiyohiyo ilikuwa ikichapa matusi, uzushi na vikaratasi vya kuchochea vita. Kanisa lingeweza kuwaambia wazazi waepuke karatasi zote zilizochapwa. Badala yake liliwapa kitabu chenye maswali na majibu, mzazi na mtoto wakiulizana na kujibizana. Wakatoliki nao, katika Mtaguso wa Pili wa Vatikano mwaka 1964, waliiita familia kanisa la nyumbani na kuwataja wazazi kuwa wahubiri wa kwanza wa imani kwa watoto wao. Kumbukumbu la Torati sura ya 6 inawaagiza wazazi wazungumze na watoto wameketi nyumbani na wakitembea njiani. "Kuketi nyumbani siku hizi ni kuketi mbele ya kioo," alisema. "Sasa mzazi asipoketi hapo, agizo analitimizia wapi?"

Kilichofuata hakuna aliyetaka kukianzisha, mpaka Binti alipokianzisha. Ni habari ya Oktoba 29, 2025.

Siku ile ya uchaguzi mkuu maandamano yalizuka Dar es Salaam na miji mingine, intaneti ikazimwa nchi nzima, na jioni ikatangazwa amri ya kutotoka nje Dar es Salaam. Intaneti ilianza kurejea Novemba 3, na watu wakatumiwa ujumbe wa kuwaonya wasisambaze picha na video za kuzusha taharuki. Picha na video zilikuwa zimeshaingia kwenye simu. Watu walikuwa wameuawa, na Serikali yenyewe baadaye iliunda tume chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman kuchunguza yaliyotokea.

"Zile siku tano mlizima taa sebuleni, mkasema tusali," Binti alisema. "Tulisali. Lakini hamkusema chochote. Nje milio, ndani kimya. Mdogo wangu aliniuliza kama ni vita, sikujua nimjibu nini. Intaneti iliporudi niliona vyote kwa mara moja, peke yangu, chooni, simu ikiwa haina sauti. Baba, kama ni kufunga, kila kitu kilikuwa kimefungwa. Je, nilikuwa salama?"

Mama alisema kwamba wao pia hawakujua. Mtoto wa jirani alikuwa hajarudi, na yeye aliogopa kwamba akilitamka jambo litakuwa kweli. "Tungewaambia hata hilo," alisema. "Kwamba hatujui, kwamba tunaogopa, kwamba tuko pamoja. Lilikuwa neno la kweli na lilikuwa karibu. Tukalifungia."

Inafaa kulitazama hili bila kumwonea mtu. Wiki ile dola ilifunga mtandao na nyumba nyingi zikafunga mazungumzo, zote mbili kwa hoja moja ya amani. Lakini amani ya namna hiyo haikuondoa habari. Iliziahirisha, na zilipofika zilikuta watoto hawana mtu wa kuwashika mkono. Uvumi nao uliingia palepale penye pengo. Mtoto aliyezoea kukaa na baba yake mbele ya kioo, akiulizwa nani kaandika hili, kalijuaje, na nani mwingine kalisema, angeingia siku zile na chombo mkononi. Aliyezoea kuambiwa "funga hiyo" aliingia mikono mitupu.

Basi wakaanza kupanga, na mpango wao haukuwa wa kusuluhisha kila kitu.

Mjomba alisema ataweka 1.1.1.3 kwenye ruta kama Baba alivyotaka, kwa ajili ya mdogo, na hakuna aliyepinga. Ataweka pia Kiwix, programu ya bure inayowezesha kuhifadhi Wikipedia nzima ya Kiswahili ndani ya kompyuta na kuisoma bila intaneti. "Mtandao ukizimwa tena, au bando likiisha, mashine yenu haitakuwa sanduku." Kwa masomo kuna Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, yenye vitabu vya kiada bila malipo. Kwa mdogo kuna Ubongo Kids, katuni zinazofundisha hesabu na sayansi kwa Kiswahili, zilizotengenezwa Dar es Salaam na kuanza kuoneshwa TBC1 mwaka 2014. Na kama kuna anayedhani kompyuta ni lazima izungumze Kiingereza, Mjomba alimkumbusha kwamba Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, tangu Desemba 2004.

Bibi alitaka kikundi chake. Jumapili jioni, kabla ya sala, habari moja ya nchi ifunguliwe kwenye kioo kikubwa, isomwe kwa sauti, halafu maswali yake matatu ya mwaka 1973 yaulizwe na mtoto, sio na mkubwa. Baba aliuliza kama ni lazima iwe habari ya siasa. Bei ya sukari ni siasa, Mama alimjibu. Dawa zisizopatikana zahanati ni siasa. Shule ya mdogo yenye watoto wengi kuliko madawati ni siasa. Baba, ambaye kwa kazi yake anaisoma bajeti ya Serikali kila Juni na kuielewa kuliko wote waliokuwapo, alitambua kwamba hajawahi hata siku moja kuwaeleza wanawe fedha za nchi yao zinavyokusanywa na kugawanywa. Alikubali kuanza na hiyo.

Mawili yalibaki bila suluhu. La kwanza ni kuandika hadharani. Baba alishikilia kwamba asiyetimiza miaka kumi na minane, anayehesabiwa mtoto kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, asiweke jambo lolote la siasa mtandaoni kwa jina lake wala kwa jina la kubuni. Binti alisema atatii mpaka siku ya kuzaliwa kwake, na kwamba siku inayofuata atataka mjadala mwingine. Mama alimuunga mkono Baba, Mwinjilisti akamuunga mkono Binti, na walibishana mpaka chai ikapoa. La pili ni simu za wazazi. Binti alipendekeza simu zote za nyumba zilale sebuleni kuanzia saa tatu usiku, ya Baba ikiwamo, na Baba akasema ana makundi ya kazi na ya usharika yasiyoweza kungoja asubuhi. Mkewe alimwambia mbele ya mama yake kwamba kundi lililoko sebuleni nalo limengoja miaka mingi. Hakukubali siku ile.

Mwinjilisti aliondoka na jukumu ambalo sharika na parokia zote zinaweza kulibeba bila kungoja waraka kutoka juu. Vijana wa mafundisho ya kipaimara wako kwenye umri uleule wa utafiti ule, miaka kumi na miwili na kuendelea, na wanakuja kanisani kila wiki kwa muda mrefu, mbele ya mtu mzima wanayemwamini. Hakuna mahali pengine katika maisha yao ambapo imani, familia na nchi zinaweza kuzungumzwa kwenye kikao kimoja. Aliazimia kuomba masomo mawili: moja la kumfundisha kijana afanye nini na amwambie nani mtu anapomwomba picha, na jingine la kuipima habari kabla ya kuisambaza. Alimwomba Mjomba aje na kompyuta. Alimwomba Mama aje kuzungumza na mabinti. Kisha akamgeukia Baba, akamwomba aje kuwasomesha vijana bajeti ya Serikali, ukurasa kwa ukurasa, na Baba akauliza somo lianze saa ngapi.